Bibi Harusi Anahema, Nyinyi Mnasema Anadeka



Leo si singo wala hina. Leo nataka kugombana kidogo na sisi tunaomtayarisha bibi harusi: mama, mashangazi, masomo. Tunamsinga mtoto wiki nzima, tunamfukiza udi mpaka kwenye nywele, tunamfunza kila kitu cha chumbani, wala hakuna anayemuuliza kama moyo wake mzima.

Mwaka jana nilikuwa Kanyenye, Tabora mjini, kwenye harusi ya jamaa zetu. Usishangae Mzanzibari kuwa na ndugu huko. Mababu waliofuata pembe Unyanyembe si wote waliorudi. Bibi harusi, msichana mwembamba tu, alitoka bafuni kwenda chumbani akasimama mara mbili njiani kuvuta pumzi. Wanawake wakacheka, eti anadeka. Nilipouliza kama ameonwa na daktari, nikavutwa pembeni: "Shoga, nyamaza! Kwa mume wakisikia watamkataa."

Maneno hayo yanaua.

Tumezoea kudhani moyo ni maradhi ya watu wanene na wazee wenye presha. Presha ni hatari kweli: ikifika 140 kwa 90 kila ukipimwa, usiisingizie hasira za mume. Punguza chumvi, na vile vidonge vya kunenepesha nyonga kabla ya harusi vitupe, baadhi yake vina steroidi zinazopandisha presha na sukari. Lakini wasichana wetu wana adui mwingine asiyehusiana na biriani. Mtoto anaumwa mafindofindo, anapewa maji ya chumvi asukutue, yanapita. Kwa baadhi ya watoto, wiki chache baadaye huja homa na viungo kuvimba na kuuma, kimoja baada ya kingine. Hiyo nayo inapita, ila inaacha makovu kwenye vilango vya moyo. Penisilini kwa wakati ingezuia yote hayo. Miaka inakwenda, kilango kinakuwa kigumu, hakifunguki sawasawa, na mtoto anakua huku anaitwa mvivu.

Kisha anaolewa, anashika mimba. Damu ya mjamzito huongezeka karibu nusu ya aliyokuwa nayo, na yote lazima ipite kwenye kilango kilekile chembamba. Ikishindwa, inarudi nyuma na mapafu yanajaa maji. Hawezi kulala chali, anaegemea mito mitatu, anakohoa usiku, moyo unamwenda mbio. Nasi tunamwambia mimba ya kwanza ndivyo ilivyo! Au tunatafuta aliyemtupia jicho.

Mtaniambia nafichua siri za watu, na Uislamu umetufunza sitara. Sitara ni ya aibu, na ugonjwa si aibu. Mtume (SAW) ametuamrisha tujitibu, hakusema isipokuwa bibi harusi. Na anayemkataa binti kwa sababu ya kilango cha moyo, basi heri ajulikane kabla ya nikaha kuliko siku mtoto wako yuko leba. Hapo wakwe nao wana kesi yao ya kujibu.

Tena kupima hakumaanishi asiolewe. Wengi wenye tatizo dogo huzaa salama, alhamdulillah, wakiangaliwa. Wengine huchomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne ili makovu yasizidi. Mwenye kilango cha bandia na anayekunywa dawa ya kuzuia damu isigande, huyo lazima amuone daktari kabla ya kushika mimba, maana baadhi ya dawa hizo humdhuru mtoto tumboni.

Kwa hiyo akipelekwa kupimwa kabla ya ndoa, apimwe na presha, na daktari amsikilize moyo. Akisikia sauti isiyo ya kawaida ataagiza eko. Kwa watu wa Kanyenye pa kuanzia ni Kitete, hospitali ya mkoa. Wanaohitaji upasuaji wana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete Dar es Salaam, ipo tangu 2015. Babu zetu walitembea njia hiyo miezi kwa miguu. Leo kuna treni. Na familia iliyoshona sare tatu kwa harusi moja isiniambie nauli imeishinda.