Pesa Si Zako, Lakini Usizitume Mwenyewe

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Niko nyumbani Kapkatet, mtandao unakuja na kuondoka kama mvua, na nilikuwa nimepanga leo niandike kuhusu programu mpya ninayoijaribu. Itangoje. Kuna jambo limenikasirisha.

Juzi mama mmoja jirani yetu aliniita. "Chamgei, kijana wa kompyuta. Hebu nitazamie hii simu."

Nikatazama. Salio la akaunti yake: hasi.

Kwa wasiojua huku kwetu: mkulima mdogo wa chai hulipwa kidogo kila mwezi kwa kila kilo ya majani aliyopeleka kituoni, kisha pesa kubwa, yaani bonasi, huja mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Oktoba, baada ya kiwanda kufunga hesabu za mwaka unaoishia Juni. Bonasi ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo deni la dukani. Sasa Oktoba iliyopita simu ya mama ililia mara mbili asubuhi moja. Umeingiziwa shilingi 61,400. Umeingiziwa shilingi 61,400.

Akauliza watu. Mwenye duka akamwambia ni baraka. Wa bodaboda akamwambia atoe haraka kabla hawajaamka. Mwanawe aliye Nairobi, ambaye amesoma, akamwambia: "Nyamaza, mama. Hao hutuibia kila siku." Basi akalipa madeni yake kwa ile bonasi halali, na katika ile ya pili akanunua mtamba wa shilingi 45,000. Siku ya kumi na mbili pesa zikachukuliwa usiku, bila simu, bila ujumbe, bila barua. Akaunti ikazama hadi hasi 45,000, sawasawa na bei ya mtamba. Malipo ya majani ya mwezi yalipoingia, yakamezwa yote.

Nina ugomvi na pande mbili, na nitaanza na wale washauri.

Hasira yenu naielewa. Mkulima wa magharibi ya Bonde la Ufa huona bonasi ya wenzake wa Murang'a na Kirinyaga ikimpita mbali, na kila karatasi ya malipo ina makato ambayo hakuna anayemweleza. Lakini pesa zilizoingia mara mbili hazikutoka mfukoni mwa aliyekukata. Akaunti ya mama iko kwenye sacco (sitaitaja). Sacco ni ya nani? Ya wanachama! Ile "baraka" ni akiba ya jirani yake anayekutana naye kituo cha majani kila asubuhi.

Halafu kuna sheria. Mimi si wakili, lakini kusoma najua. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao, kifungu cha 35, inasema anayezuia kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kimakosa anatenda kosa: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Nani kati ya wale washauri watatu angeenda kukaa kizuizini badala ya mama?

Na msidhani benki husahau. Machi 2024 mfumo wa Benki ya Biashara ya Ethiopia uliharibika usiku, watu wakawa wanatoa pesa wasizokuwa nazo. Wanafunzi wa vyuo vikuu walipiga foleni kwenye mashine. Baada ya siku chache benki ilikuwa imerudishiwa sehemu kubwa, na waliokaidi wakatangazwa majina na picha zao hadharani.

Sasa upande wa pili, ambao ni upande wangu. Sisi tunaoandika hizi programu.

Neno "makosa ya mfumo" linanichefua. Mfumo haujiandiki wenyewe! Mwaka 2011 niliandika programu ndogo ya kupeleka malipo ya mishahara kwa kampuni moja. Mtandao ukakatika katikati, skrini ikaganda, nikabonyeza tena. Kila mtu akalipwa mara mbili. Dawa yake ni ya mistari michache: kila faili la malipo lipewe namba yake, na seva ikiiona namba hiyo mara ya pili ikatae. Nilikuwa sijaiweka. Hilo lilikuwa kosa langu, na lina jina langu. Nikisikia bonasi za kijiji zimeingia mara mbili, najua kuna mwenzangu alibonyeza tena.

Wakubwa je? Agosti 2020 Citibank ya Marekani ilitaka kulipa riba ya karibu dola milioni 8 kwa waliokopesha kampuni ya Revlon. Visanduku vya kuweka alama kwenye skrini vilijazwa vibaya, watu watatu wakaidhinisha, zikaondoka karibu dola milioni 900. Baadhi ya waliopokea walikataa kurudisha kama dola milioni 500, wakaenda mahakamani na mawakili wao, na Februari 2021 jaji akawapa haki! Rufaa ilikuja kuibatilisha hukumu hiyo Septemba 2022. Hao waliitwa wadai wenye hoja. Mama wa Kapkatet karani alimwita mwizi, mbele ya foleni.

Kwa hiyo ufanye nini? Usiziguse. Piga picha ya ujumbe. Nenda tawini siku hiyo hiyo na barua yenye nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo.

Na sikiliza hili, maana hapa wema huumia: usizitume mwenyewe kwa mtu aliyekupigia simu. Kwenye daftari la mfumo, pesa unazotuma ni muamala mpya, hauna uhusiano wowote na ule wa kwanza. Mfumo haujui kwamba "umerudisha". Kwenye M-Pesa, aliyekosea namba husambaza ujumbe wake wa muamala kwa 456, na Safaricom hubatilisha muamala ule ule. Tapeli anajua hivyo. Anakutumia kweli, analia kwenye simu, unamrudishia kwa mkono, kisha anasambaza kwa 456 na kuchukua mara ya pili. Mwingine hata hatumi chochote, ni ujumbe wa kughushi tu, kwa hiyo angalia salio kwanza. Mjibu hivi: "Ndugu, tuma 456, mimi sizigusi." Mkweli atatuma.

Kama umeshazitumia, kama mama, deni ni deni. Lakini sacco iliyokosea haina haki ya kimaadili kumeza malipo yote ya mwezi ya mtu kwa kosa ililoanzisha yenyewe, tena bila hata ujumbe mfupi. Ujumbe wa pesa kuingia mliweza kutuma mara mbili, wa kutoka mkashindwa?

Jana tulikwenda na barua. Tumekubali deni lote, tumeomba likatwe shilingi 3,000 kwa mwezi. Karani alikataa kugonga muhuri, akasema mambo hayo ni ya makao makuu. Tukakaa kwenye benchi hadi saa nane, meneja akatoka kwenda kula, akatukuta, akasoma, akagonga mwenyewe. Mama aliikunja nakala akaiweka pamoja na kadi yake ya namba ya mkulima. Jibu bado. Njiani aliniuliza kama amuuze mtamba, nami nikamwambia asubiri kwanza. Ana mimba ya miezi sita.