BIMA YA AFYA: TUNALIPIA VIPIMO AU TUNALIPIA UZIMA?

Nilikuwa kimya wiki mbili hizi kwa sababu nilikuwa namuuguza bibi yangu, mzaa baba. Sasa karudi nyumbani, ila karudi na vidole vitatu tu kwenye mguu wa kushoto. Naandika nikiwa bado na hasira kidogo, kwa hiyo mtanivumilia.

Bibi ana sukari na presha, mwaka wa kumi huu. Kadi ya bima anayo kupitia kwa baba ambaye ni mwalimu, na mwalimu anakatwa kila mwezi atake asitake. Kwa hiyo hapa sizungumzii mtu aliyekosa hela ya matibabu. Ndani ya mwezi mmoja kabla mguu haujaharibika tulimpeleka hospitali tatu. Sizitaji majina, maana sitaki kesi, na pia sidhani kama tatizo ni la hizo tatu tu. Kila tulikofika alifunguliwa faili jipya, akatolewa damu, tukasaini fomu ya bima. Kipimo cha figo kilifanyika mara mbili ndani ya siku tisa! Lakini hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Bibi, hebu vua viatu niione miguu." Kidonda kilikuwepo, na mtu mwenye sukari ya muda mrefu mara nyingi hasikii maumivu mguuni. Tulipokiona sisi, kilikuwa kinanuka.

Je, wale madaktari na manesi ni watu wabaya? Mie nasema hapana. Wanafanya kile wanacholipwa kufanya. Na hapo ndipo nataka tupaangalie.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ukaanza kazi 2001. Mtumishi wa serikali anachangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri asilimia 3. Hospitali nayo, kwa sehemu kubwa, inalipwa kwa kila huduma iliyotolewa. Kumwona daktari kuna bei yake, kipimo kina bei yake, dawa ina bei yake. Mwisho wa mwezi hospitali inapeleka madai.

Sasa piga hesabu kama mwenye duka. Ukipima mara mbili, unadai mara mbili. Ukimpigia simu bibi kumuuliza kama dawa zimeisha, unalipwa sifuri. Ukiitafuta hospitali ya jirani uombe majibu ya juzi, unapoteza muda wako na pia unapoteza malipo ya kipimo ambacho ungekifanya mwenyewe. Mgonjwa akikatwa vidole, hapo ndipo kuna upasuaji, kitanda, dripu, na madai marefu. Yaani mfumo unalipa ugonjwa ukishakomaa, kuuzuia haulipi.

Mnakumbuka ugomvi wa Machi 2024? NHIF ilileta kitita kipya cha bei, baadhi ya hospitali binafsi zikagoma kuwahudumia wenye kadi kuanzia tarehe 1. Watu walihangaika getini na kadi zao mkononi. Lakini mjadala wote nilioufuatilia ulikuwa wa bei: imeshuka sana, haijashuka sana. Sikusikia mtu akiuliza kama hicho kinacholipiwa ndicho tunachokihitaji.

Mtasema, basi tuwalipe kwa matokeo. Sawa, lakini hilo limeshajaribiwa, tena hapa hapa kwetu. Mwaka 2011 mkoa wa Pwani ulianza mpango wa malipo kwa ufanisi kwa msaada wa Norway. Kituo kinapewa malengo ya afya ya mama na mtoto, kila miezi sita kinakaguliwa, kikifikisha kinapata bonasi, sehemu ya wafanyakazi na sehemu ya kukarabati kituo. Shangazi yangu ni nesi kwenye zahanati moja ya huko. Aliniambia, "Mwanangu, ile hela haikuwa nyingi, lakini kwa mara ya kwanza mtu alikuja kuhesabu kazi yetu."

Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzao wa nje walilinganisha Pwani na wilaya za Morogoro na Lindi. Kati ya huduma nane zilizolengwa, mbili zilipanda waziwazi. Kujifungulia kituoni kulipanda kwa pointi 8.2 za asilimia, yaani katika kila wajawazito 100, kama wanane zaidi. Dawa za kukinga malaria kwa wajawazito zilipanda kwa pointi 10.3. Zile nyingine sita hazikuonyesha tofauti ya maana.

Rwanda wao walianza mapema zaidi, na mwaka 2006 wakaanza kuutandaza nchi nzima. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2011 ulikuta kujifungulia kituoni kumeongezeka kwa asilimia 23, na watoto wadogo kupelekwa kliniki kumeongezeka sana. Lakini wajawazito waliokamilisha mahudhurio manne hawakuongezeka, wala watoto waliomaliza chanjo zote.

Kwa nini? Watafiti wenyewe walisema motisha ilifanya kazi zaidi pale malipo yalipokuwa makubwa na jasho la mhudumu dogo. Fikiria mwenyewe. Mama akishafika na uchungu, kumpokea ni kazi ya siku moja. Kuhakikisha anarudi mara nne ni kazi ya miezi, tena inabidi mtu atoke kituoni akamfuate. Bonasi peke yake haimtoi mtu kwenye kiti.

Bibi yangu yuko kundi hilo la pili. Sukari haiponi kwa siku moja. Inataka mtu mmoja anayejua kuwa huyu bibi yupo, dawa zake ni hizi, majibu yake ya mwisho yalikuwa haya, na mwezi huu hajaonekana. Huko ndiko kuratibu matibabu. Si lazima awe daktari bingwa.

Na watu hao tumeshaahidiwa. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Na Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mie naona haya mambo mawili yanapaswa kuoana. Bima iilipe zahanati ya karibu kiasi fulani kwa mwaka kwa kila mgonjwa wa sukari iliyemwandikisha, iwe anaumwa au la. Mhudumu wa mtaa apewe orodha ya majina. Bonasi itolewe kwa vitu vichache: sukari imepimwa kwa wakati, miguu imekaguliwa, dawa hazijakatika. Na majibu ya kipimo yamfuate mgonjwa popote aendapo na kadi yake, ili bima ikatae kulipia kipimo kile kile mara mbili bila sababu.

Najua kuna hatari. Ukilipia namba, utaletewa namba, hata za kupika. Ndiyo maana lazima awepo mkaguzi anayebisha hodi kwa bibi na kumuuliza mwenyewe. Hatari nyingine ni kituo kuwakwepa wagonjwa wagumu wanaokiharibia alama. Huko Marekani, tangu Oktoba 2012 bima ya wazee ya serikali, Medicare, inazikata malipo hospitali ambazo wagonjwa wao wanarudi kulazwa kupita kiasi ndani ya siku 30. Kurudi kulipungua, lakini wataalamu wamebishana miaka kama kuna wagonjwa walioumia kwa kutolazwa walipohitaji. Kwa hiyo motisha ni kama panga jikoni, inategemea nani kalishika na anakata nini.

Hatari ya tatu ni yetu kabisa: hela ya wafadhili. Ya Pwani ilitoka nje. Mpango mwingine wa malipo kwa matokeo ulioanzia Kishapu, Shinyanga, mwaka 2015 nao ulitegemea sana fedha za nje. Mfadhili akifunga mkoba, motisha inakwenda naye. Ndiyo maana nasema itoke kwenye michango yetu wenyewe, ile ambayo baba yangu anakatwa kila mwezi.

Najua wengine mko kafe na dakika zinakimbia, basi niishie hapa. Ila kabla hujafunga ukurasa, kama kwenu kuna mzee mwenye sukari, leo ukirudi nyumbani mwambie avue viatu. Kagua nyayo, kagua katikati ya vidole. Hiyo haihitaji kadi.

Maoni yako wazi. Manesi na watu wa bima mnaosoma kimya kimya, tuambieni upande wenu. Matusi nitafuta.