Pakacha Lavuja, Mchukuzi Yu Kimya

Wako wakubwa wa kazi wasemao ya kwamba watumishi wao ni wachoyo wa maarifa. Fundi aijua dawa ya mashine, hamfundishi mwenziwe. Karani aliona kosa katika daftari, hasemi mpaka aulizwe. Mwuguzi mkongwe aondoka na ujuzi wa miaka thelathini, asiache hata ukurasa mmoja. Ndipo wakubwa hao hutoa amri: kila mtu na aandike yote ayajuayo. Karatasi hurudi tupu, au kama tupu. "Mwaona?" husema. "Ndiyo tabia yao."

Maneno hayo nayakataa. Wazee walikwisha kulitambua jambo hili waliposema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Mchukuzi huyo si mwizi wala si mchoyo. Amekodiwa tu, mzigo si wake, na kila punje idondokayo yampunguzia uzito. Kwa nini apige kelele?

Nitatoa mfano wa mbali, kwa kuwa habari zake zimeandikwa sana. Katika mji wa Fremont, jimbo la California, Marekani, kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda cha kuunda motokaa. Watu waliichukia kazi ile, hata mara nyingi mmoja katika watano hakufika kazini. Amri kuu ilikuwa moja: mstari wa kazi usisimame. Motokaa yenye kasoro ilipita vivyo hivyo, ikatengenezwe baadaye uani. Aliyeiona kasoro alinyamaza. Kiwanda kikafungwa mwaka 1982.

Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ushirika na Toyota ya Japani, kikaitwa NUMMI, nacho kikadumu mpaka 2010. Wafanya kazi walio wengi walikuwa wale wale wa kwanza, na chama chao kile kile. Lakini sasa kamba ilitundikwa kando ya mstari: yeyote aonaye kasoro aivute, na kiongozi wa kikundi aje kumsaidia, si kumgombeza; kasoro isipoondoka, mstari usimame. Wakubwa na wadogo walikula katika chumba kimoja. Tena mkataba uliahidi kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi, mishahara ya wakubwa itapunguzwa kwanza. Mwaka 1988 biashara ilipopoa, ahadi ilishikwa: watu hawakufukuzwa, bali walipewa mafunzo. Katika mwaka 1991 peke yake walitoa mashauri zaidi ya 10,000 ya kuitengeneza kazi, na mengi yalifuatwa.

Je, ile tabia yao ilikwenda wapi? Watu hawakubadilishwa. Kilichobadilika ni kwamba kasoro ya motokaa ilikuwa sasa kasoro yao. Wala msidhani kamba ndiyo iliyofanya haya. Kamba hununuliwa dukani. General Motors walijaribu kuyaiga mambo hayo katika kiwanda chao kingine cha Van Nuys, nayo hayakushika. Kikafungwa mwaka 1992.

Wengine watasema: toeni fedha, maarifa yatatoka. Si hivyo. Mafundi wa kampuni ya Xerox, watengenezao mashine za kunakili, walikuwa na desturi ya kusimuliana habari za mashine korofi wakati wa chakula. Julian Orr, aliyeandika kitabu juu yao mwaka 1996, aliona kwamba katika masimulizi hayo ndimo ufundi wao ulimokaa. Katika miaka ya 1990 kampuni ilianza kuyakusanya mashauri yao, kwanza huko Ufaransa. Hawakudai malipo kwa kila shauri. Walitaka shauri lipimwe na mafundi wenzao, kisha jina la mwenye kulitoa liandikwe juu yake. (Angalieni pia kwamba nyumba yao ya kwanza ilikuwa ufundi wao, kampuni ikafuata nyuma. Mkubwa asiyejua mtumishi wake ajihesabu wa nyumba gani hubisha hodi mlango usio wake.)

Najua jibu la wakubwa: "Sisi huwaambia watu wetu kila siku kwamba sote ni jamaa moja." Naam, huambiwa. Huambiwa asubuhi mkutanoni, na jioni shauri la fundi hupelekwa juu kwa jina la msimamizi. Huambiwa jamaa, na mkataba wao ni wa miezi mitatu. Mtu asiyejua kama atakuwapo wakati wa mavuno hapandi mwembe katika shamba la mwenyewe, na maarifa aliyo nayo ndiyo akiba yake ya pekee. Mwamwita mchoyo kwa kuificha?

Basi mkubwa atakaye karatasi zijae, na ajibu kwanza swali hili mbele ya watu wake wote: fundi huyu mzee akisha kuwafundisha vijana wawili, atabaki kazini, au atapewa barua ya kwaheri kwa sababu vijana wale mshahara wao ni mdogo?