Kengele ya oksijeni ikinyamaza, ziwa Kivu bado ni hatari

Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, mjini Goma, na makumi ya watu wakafa. Vita ilipofunga barabara, wahamiaji wengi walibaki na njia ya ziwa tu. Ajali kama ile ikitokea, familia hudai wapiga mbizi washuke haraka. Ni haki yao. Lakini anayeshuka naye ni mtoto wa watu.

Ziwa Kivu liko mita 1460 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kompyuta anayovaa mpiga mbizi mkononi hulia oksijeni ikizidi, mara nyingi presha yake ikifika 1,4. Hapa, kwa kina kile kile, presha ya oksijeni ni pungufu kidogo kuliko baharini, basi kengele hukawia. Anayedhani kimya hicho ni ruhusa anajidanganya. Hatari kubwa ni naitrojeni. Akitoka mita 20 baharini, presha hupungua mara 3. Kivu hupungua zaidi ya mara 3, na mapovu yanaweza kuingia damuni, yakampooza au kumuua.

Kwa hiyo kompyuta iwekwe kwanza kwenye urefu wa ziwa. Mpiga mbizi apande polepole, na siku hiyo asipelekwe kwenye milima ya Masisi. Wakubwa wa kazi na familia wampe muda huo. Kutafuta maiti kusiongeze maiti nyingine.