Kakontwe: Mwenye kuuza motokari auze na kode ya mlango

Mfano ni huu, na mafundi wengi wa Likasi hawataushangaa. Papa mmoja wa Kakontwe ananunua Ford Explorer iliyokwisha kutumika. Anapewa fungulo moja, karatasi za duane na mkono wa pongezi. Miezi mitatu baadaye, fungulo ile inaanguka sokoni Kikula na haionekani tena. Motokari iko mbele ya nyumba, milango yote imefungwa. Ndani mmebaki karte roze, karatasi ya bima na dawa za mama mkwe wake. Kwenye mlango wa dereva kuna vifungo vitano vidogo vyenye namba. Zikibonyezwa namba tano tu, mlango unafunguka bila fungulo. Lakini hakuna mtu nyumbani anayezijua.

Papa anapigia simu muuzaji wa Lubumbashi. Jibu ni fupi: “Papa, ile kode hata mimi sikupewaka.” Jioni kioo kidogo cha nyuma kinavunjwa. Dawa zinatoka, karatasi zinatoka. Motokari inabaki pale pale, maana hakuna fungulo ya kuiwashia moto, na sasa ina tundu ambalo mvua na mkono wa mwizi vinaweza kupitia.

Wapo watakaosema kosa ni la papa huyu: angetengeneza fungulo ya pili mapema. Ni kweli. Lakini kosa la kwanza lilifanyika siku ya kuuziana. Walifungua kapoti, wakasikiliza injini, wakapiga matairi teke, wakabishana bei hadi saa sita. Hakuna aliyeuliza: kode ya mlango iko wapi, na nani mwingine anaijua? Kode si zawadi ya muuzaji mwenye roho nzuri. Ni sehemu ya motokari, kama vile usukani ulivyo sehemu ya motokari. Asiyeitoa ameuza mlango nusu.

Tabia hii ina chanzo chake. Motokari nyingi zinazotembea Haut-Katanga hazikununuliwa mpya hapa. Nyingi zinatoka Japani, zinashuka bandari ya Dar es Salaam, zinapita Tunduma, zinakatiza Zambia na kuingia kwa mlango wa Kasumbalesa. Ndiyo maana usukani wao uko kuume, katika nchi ambayo watu wanaendesha upande wa kuume wa barabara. Nyingine, kama hizo Ford, zilitengenezwa kwa soko la Marekani. Kabla ya kufika Likasi, motokari moja inaweza kupita mikononi mwa mwenyewe wa kwanza, mnada, wakala wa meli, dereva wa safari ndefu, mtu wa duane na mchuuzi wa uwanjani. Kila mkono unaweza kuangusha kitu. Leo ni fungulo ya pili, kesho ni kitabu cha motokari, keshokutwa ni kile kikadi kidogo chenye namba tano.

Tatizo linazidi kwa sababu neno “kode” linabeba mambo manne tofauti, na anayeyachanganya analipa feza mara mbili.

La kwanza ni kode ya mlango, ile ya vifungo. Ford ilianza kuiweka kwenye baadhi ya motokari zake za mwaka wa 1980, na inapatikana pia kwenye ndugu zake Lincoln na Mercury. La pili ni namba ya kukatia fungulo, inayomwambia fundi meno ya fungulo yakatwe namna gani. La tatu ni kode ya kizuizi cha moto: ndani ya kichwa cha fungulo kuna chipu ndogo, na kompyuta ya motokari isipoitambua, injini inakataa kuwaka hata kama meno ni sawa kabisa. La nne ni kode ya redio, ambayo redio nyingine inaidai betri ikiondolewa na kurudishwa.

Basi mwenye Toyota au Nissan ya Japani anayezunguka mji akitafuta “kode ya mlango” anatafuta kisichokuwepo. Motokari yake kwa kawaida haina vifungo vya namba mlangoni. Inafunguliwa na telekomande, na telekomande hiyo inasajiliwa kwenye kompyuta ya motokari kwa mashine ya fundi. Tena mara nyingine hakuna kilichopotea: ni betri ndogo ya mviringo ndani ya telekomande imekufa. Kwenye fungulo nyingi za aina hiyo mmefichwa fungulo ndogo ya chuma ya kufungulia mlango. Na kwenye motokari nyingi zinazowashwa kwa kubonyeza kifungo, fungulo ikisogezwa karibu kabisa na kifungo hicho, injini inawaka hata kama betri ya fungulo imekwisha. Kabla ya kuvunja kioo, mambo hayo mawili yajaribiwe.

Kwa mwenye Ford, kode ya kiwanda haipotei kabisa. Imeandikwa mahali. Pa kwanza ni kile kikadi kinachowekwa pamoja na kitabu cha motokari. Pa pili ni kibandiko kilichobandikwa kwenye motokari yenyewe: kwenye modeli nyingi kiko juu ya kisanduku cha kompyuta chini ya tablo, karibu na miguu, kwenye baadhi ya zile za zamani kiko ndani ya sanduku la nyuma, kwenye bawaba ya mfuniko. Pa tatu ni ndani ya kompyuta: fundi mwenye mashine inayosoma Ford anaweza kuitoa. Na kwenye modeli nyingi za miaka ya karibuni, fungulo mbili zilizosajiliwa zikitumiwa moja baada ya nyingine kuweka kontakti, kode inaonekana kwenye skrini mbele ya dereva kwa sekunde chache. Hapo ndipo bei ya fungulo ya pili inapoonekana. Anayeuza motokari na fungulo moja amemnyima mnunuzi njia ya bure kuliko zote.

Jambo moja halisaidii: kubahatisha. Vifungo ni vitano na kode ina hatua tano, kwa hiyo michanganyiko ni 3,125. Baada ya kode saba zisizo sawa, vifungo vinajifunga kwa dakika moja. Anayetaka kujaribu zote atasimama mara zaidi ya 440, maana yake saa zaidi ya saba za kungoja tu, bila kuhesabu za kubonyeza. Majirani watakuwa wamekwisha kuita polisi.

Hadi hapa ni habari ya usumbufu. Lakini kuna jambo zito zaidi. Kode ya kiwanda haibadiliki. Mwenye motokari anaweza kuongeza kode yake mwenyewe juu ya ile, lakini ile ya kiwanda inabaki vile vile tangu siku motokari ilipotoka kiwandani hadi siku itakapokuwa chuma chakavu. Kila aliyewahi kuijua anaweza kufungua mlango, leo na miaka kumi ijayo. Hataondoka na motokari bila fungulo, lakini anachohitaji mwizi wa usiku mara nyingi si motokari. Ni mkoba, simu, redio, karte roze, gurudumu la akiba. Mlango ukifunguliwa kwa namba hakuna kioo kilichovunjika wala alama, na asubuhi familia inaanza kumshuku kijana wa nyumbani ambaye hana kosa.

Kwa hiyo papa wa Kakontwe hakukosa kitu kimoja, alikosa viwili. Alikosa namba, na alikosa kujua nani anayo.

Kode za watu binafsi, tofauti na ile ya kiwanda, zinaweza kufutwa, na hiyo ndiyo kazi ya siku ya kwanza. Kwa kawaida ya Ford inabonyezwa kode ya kiwanda, halafu kabla ya sekunde tano kupita kinabonyezwa na kuachwa kifungo cha 1 na 2, kisha kifungo hicho hicho kinashikwa kwa sekunde mbili. Kode zote zilizoongezwa na wenye motokari wa zamani zinaondoka. Lakini hatua hiyo inaanza na kode ya kiwanda. Asiyepewa hiyo hawezi hata kumfukuza mgeni nyumbani mwake.

Wauzaji wana jibu lao, na linastahili kusikilizwa. Wanasema: motokari ilikuja hivi, bei ni ya chini kwa sababu ni ya kutumika, na mchuuzi hawezi kujua yaliyofanyika ng'ambo. Sawa. Lakini asiyejua aseme hajui kabla ya feza kutoka mfukoni. Motokari yenye fungulo moja na bila kode ina kasoro, kama vile motokari yenye gia mbovu ina kasoro. Kasoro inatangazwa, na bei inashuka. Na katika mambo mengi mchuuzi angeweza kujua kama angetaka: kuinama chini ya tablo na tochi hakuhitaji safari ya ng'ambo.

Mafundi nao wana sehemu yao. Kijana anayeweza kutoa kode kwenye kompyuta kwa nusu saa ana ujuzi mkubwa, na Likasi inahitaji vijana kama hao. Lakini mashine ile ile inayomsaidia mwenye motokari inaweza kumsaidia mwizi. Wapo wanaosema kwamba fundi akianza kuuliza karatasi, wateja watakwenda kwa jirani yake. Wengine watakwenda, ndiyo, na hasa ni wale ambao ni heri waende. Mteja wa kweli atafurahi kuulizwa, maana kesho motokari yake ndiyo itakayoletwa na mtu mwingine. Karte roze, kitambulisho, na namba ya shasi iliyolinganishwa na ile ya kwenye karatasi: mambo matatu, dakika tano. Ikiwa karatasi zimefungiwa ndani, mlango ufunguliwe mbele ya shahidi wa mtaa na karatasi zisomwe kabla ya malipo.

Namba ya shasi yenyewe ina mtego. Motokari za soko la Marekani na Ulaya zina namba ya alama 17. Nyingi zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina namba fupi zaidi. Anayepeleka namba hiyo fupi kwa mtu wa ng'ambo aliyeahidi “kutafuta kode” kwa malipo ya mbele anaweza kujibiwa kwamba haipo kwenye mashine, na feza hairudi. Feza itolewe baada ya mlango kufunguka.

Dawa ya yote haya haihitaji sheria mpya kutoka Kinshasa. Inahitaji mistari minne kwenye karatasi ya mauzo, ile ile ambayo watu wa Kakontwe wanaiandika tayari mbele ya mashahidi. Wa kwanza: idadi ya fungulo zilizotolewa. Wa pili: kode ya mlango imetolewa, au motokari haina, au muuzaji haijui. Namba yenyewe isiandikwe pale, maana karatasi hiyo inasomwa na wengi. Ipewe mnunuzi peke yake. Wa tatu: kode za zamani zimefutwa mbele ya mnunuzi. Wa nne: kode ya redio na kitabu, kama vipo. Chini yake sahihi mbili. Muuzaji anayekataa kutia sahihi hapo amekwisha kujibu swali.

Na mnunuzi akifika nyumbani, aandike namba ile mahali pawili, na pasiwe ndani ya motokari. Mwengine wa familia ajue iko wapi. Fungulo ya pili itengenezwe wakati ya kwanza ingali mfukoni, maana kuongeza fungulo kwa mfano wa iliyopo ni kazi nyepesi kuliko kuanza bila hata moja.

Wazee wanasema mali bila daftari huisha bila habari. Motokari ya kutumika ni akiba ya miaka mingi kwa familia nyingi za hapa. Ndiyo inayopeleka mgonjwa hospitali usiku, mahindi sokoni na watoto shuleni. Haifai kusimama mbele ya nyumba, kioo kimevunjwa, kwa sababu mtu mmoja hakutoa namba tano na mwingine hakuziuliza.