JKT haikumwahidi mwanao ajira

Hapa Namawala, katika bonde la Kilombero, mtoto akimaliza kidato cha sita, wazazi wengi wanauliza ataingia lini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Wanaamini kwamba akishavaa kombati, ajira ya jeshi imo mfukoni. Imani hiyo si ya kweli, na inawala vijana wetu miaka yao mizuri.

Kwanza tuache kuchanganya mambo. Anayekwenda kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliositishwa 1994 ukarejeshwa 2013, anakaa kambini miezi mitatu na kuondoka. Anayejitolea anafunga mkataba wa miaka 2, yaani masika mawili ya mpunga. Na matangazo ya JKT yenyewe husema waziwazi kwamba haitoi ajira wala haimtafutii kijana ajira, bali inamfunza kujitegemea. Maneno hayo yamo kwenye tangazo, sisi tunayaruka.

Mtanijibu: mbona Jeshi la Wananchi (JWTZ), Polisi na Magereza huwataka waliopitia JKT? Ni kweli, mara nyingi huwataka. Lakini sharti si ahadi. Aprili 2021 vijana 854 wa kujitolea walisitishiwa mikataba baada ya kugoma wakidai ajira jeshini. Walisema waliahidiwa, maana walishiriki kazi kubwa za taifa, ukiwemo ukuta wa migodi ya tanzanite ya Mirerani. Baadaye Rais Samia aliwasamehe. Msamaha ule ulikuwa huruma ya Rais. Haukuwa ahadi ya ajira.

Kinachoniuma zaidi kipo hapa bondeni. JKT ina kambi Chita, wilaya yetu hiihii, yenye mashamba makubwa ya mpunga. Kijana wetu akipangwa huko analima kwa nidhamu, anajifunza umwagiliaji, kisha anarudi Namawala na kuitwa hana kazi! Baba ana ekari sita, hampi hata moja, kwa sababu "huyu anasubiri jeshi". Anasubiri hadi umri wa kuandikishwa unampita, huku shamba likikodishwa kwa wageni.

Simkatazi mtu kwenda. Nidhamu ya kambini ni mali, na kulitumikia taifa ni heshima. Ila mzazi, kabla mwanao hajasaini, keti naye muusome mkataba mstari kwa mstari, na mbele ya mjumbe umwandikie ekari atakayoikuta akirudi.