Acha Kuniuliza "FL ama Reaper?" Jiulize Hili Kwanza

Kila wiki lazima msee mmoja anitumie ile meseji: "Bro, nataka kuanza studio kejani, nitumie programu gani?" Kabla nijibu, ananitumia pia linki ya mahali amepata FL Studio "ya bure." Hataki ushauri, anataka tu nimwambie iko sawa. Leo nawajibu wote mara moja, na najua wengine wenu hamtafurahia.

Mimi siulizi tena ni programu gani noma kushinda zingine. Nauliza hivi: wimbo unaorekodi leo, miaka miwili kutoka sasa utaweza kuufungua? Kama hujui, basi hujachagua programu. Umebahatisha.

Niwape stori.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Sababu ni kadhaa, karo ikiwa mbele, na hiyo ni mada ya siku nyingine. Nilibaki na laptopu ya mtumba, maiki ya USB ya Luthuli, na bedsita ambayo jirani akikaanga vitunguu unasikia hadi kijiko. Mathe alikuwa amenipa mwaka mmoja nimwonyeshe kwamba hii kazi ya muziki inaweza kulipa nyumba. FL niliyokuwa nayo ilikuwa ya kraki, nimepewa kwa flashi na beshte. Sikujua mtu yeyote mtaani aliyelipia yake. Ilikuwa kitu ya kawaida, kama kuomba jirani chumvi.

Ikatokea kwaya moja, watu kumi na wawili, wakanipa kazi ya nyimbo nne. Walilipa 6,000 mbele. Tulirekodi wiki tatu, watu watatu kwa wakati, maana wote hawangeingia kwa chumba. Godoro ukutani, blanketi mlangoni, jasho tupu. Wa besi, mzee fulani fundi wa viatu, alikuwa na sauti inatetemesha hadi sufuria.

Usiku mmoja nikashusha plagini ingine ya kraki, ya kunyoosha sauti. Asubuhi kuwasha laptopu, faili zote zimebadilishwa majina, na kuna karatasi ya maandishi inaniambia nilipe kwa dola ndio nifunguliwe. Nikacheka kwanza, kwa sababu nilikuwa nimesevu kwa flashi. Kumbe kwa flashi nilikuwa nimeweka faili za flp peke yake. Sikiza hapa, kwa sababu hii hata maprodyusa wa miaka mitano hawajui: ile faili ya mradi wa FL haibebi sauti uliyorekodi. Ni ramani tu inayosema "sauti fulani iko folda fulani." Folda ikienda, umebaki na ramani ya mji uliobomolewa.

Nilimpigia mwalimu wa kwaya. Hakunipigia kelele, na afadhali angepiga. Alisema tu, "Kijana wangu, hiyo pesa akina mama walichanga hamsini hamsini." Nikatoa 6,000 kwa pesa ya nyumba, nikalala na deni la landlodi. Baadaye walirudi turekodi upya, lakini yule mzee wa besi alikuwa ashahamia Eldoret. Wimbo uko, unacheza, na besi yake haiko.

Kwa hivyo mtu akiniambia kraki ni bure, namwangalia tu.

Sasa tuongee bei, maana najua ndio mnangoja. Mimi siku hizi natumia Reaper. Imetengenezwa na kampuni ndogo inaitwa Cockos, ya Justin Frankel, yule jamaa aliyeunda Winamp (waulizeni mabuda zenu Winamp ni nini). Inakupa siku 60 ujaribu, na si toleo lililokatwa mikono, ni programu nzima. Ukipenda, leseni ni dola 60 kama ni matumizi yako binafsi, au kama biashara yako haiingizi zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Wewe na mimi hatuingizi. Hizo dola 60 ni kama 7,800 zetu. Wengi wenu mmevaa raba za bei hiyo. Na huhitaji akaunti ya benki: M-Pesa ina ile kadi ya Visa ya kwenye simu, GlobalPay, unalipa nayo mtandaoni. Programu yenyewe haifiki hata MB 30, bando la siku moja linatosha.

Ubaya wake? Ni mbaya kwa sura, tusidanganyane. Ukiifungua mara ya kwanza unadhani ni programu ya uhasibu. Haiji na ngoma wala vinanda vya maana. Kama kazi yako ni kuunda biti kutoka sufuri, itakuchosha wiki ya kwanza na unaweza kuiacha. Lakini kama unarekodi watu, kwaya, rapa, podikasti, gitaa, sijaona kitu cha bei hiyo kinachoikaribia, na laptopu yangu yenye RAM ya GB 4 haikohoi.

FL nayo siichukii, msinielewe vibaya. Kwa biti bado ni mfalme. Wabelgiji wa Image-Line waliitoa 1997 ikiitwa FruityLoops, watu wakaicheka ni toi ya watoto, halafu 2003 9th Wonder akaitumia kwa biti ya "Threat" iliyo kwenye albamu ya Jay-Z. Na wana kitu kimoja mimi nawapigia saluti: ukinunua mara moja, matoleo mapya yote unapata bila kulipa tena, maisha yako yote. Sasa piga hesabu. Toleo la Producer linapita 20,000 za Kenya, ni pesa, lakini ni mara moja tu. Angalia tu usinunue lile la bei ya chini, Fruity, bila kusoma lina nini, kwa sababu kwa miaka mingi halikuwa na kurekodi sauti ya mtu. Jamaa amelipa halafu anagundua hawezi kuimba ndani yake!

Na kama huna hizo pesa, toleo la majaribio la FL ni halali kabisa na halina kikomo cha siku. Unaunda biti, unaitoa kama WAV, sawa. Shida ni moja: ukisevu mradi na kuufunga, hutaufungua tena mpaka ulipe. Wengi wanaona hiyo ni dharau. Mimi nilikuwa natumia nikijilazimisha kumaliza biti kwa kikao kimoja, na kusema kweli nilimaliza biti nyingi kipindi hicho kuliko kile cha kraki.

Kuna wale watasema, "Lakini mapro wanatumia Pro Tools, Logic, Ableton." Ni kweli. Logic Pro ni tamu sana, na ile albamu ya kwanza ya Billie Eilish ilirekodiwa nayo kwa chumba cha kulala cha kaka yake. Lakini kwa kompyuta, Logic inataka Mac. Kama una Mac, anza na GarageBand ambayo ni bure, kisha uende Logic ukiwa tayari. Kama huna, wachana na hiyo ndoto kwa sasa, usiuze simu. Pro Tools toleo kamili wanapenda malipo ya kila mwezi au mwaka, na mimi kitu ambacho nikikosa kukilipia mwezi mmoja kinanifungia nyimbo zangu, hapana. Tayari nina landlodi.

Halafu kuna nyinyi hamna laptopu kabisa. Nyinyi ndio wengi na ndio mnadharauliwa. Steve Lacy alitengeneza biti ya "PRIDE." ya Kendrick Lamar, 2017, akitumia iPhone. Kwa Android kuna BandLab, ni bure na ni halali. Tatizo lake ni intaneti na pia kwamba kazi yako inakaa kwao, kwa hivyo ukimaliza, ifungue kwa brauza hata ya saiba, shusha kila traki, uziweke kwako.

Kitu kingine, kabla ulaumu programu. Ile shida ya kuimba halafu unajisikia kwa hedifoni umechelewa, karibu kila anayeanza anafikiri programu yake ni mbovu. Tafuta mahali pameandikwa buffer size. Ikiwa kwa 1024, kompyuta inachelewa kama milisekunde 23 kabla hujahesabu kuingia na kutoka. Shusha hadi 128, inakuwa kama 3. Kwa Windows, kama huna kadi ya sauti ya nje, weka ASIO4ALL, ni bure. Ukimaliza kurekodi, rudisha juu ndio laptopu ipumue wakati wa kumiksi. Nimeona msee akihama programu tatu kwa sababu ya kitufe hicho kimoja.

Sasa turudi kwa lile swali la miaka miwili. Hata ukilipia, programu zinabadilika, laptopu zinaibiwa, stima inapotea katikati ya kusevu. Kwa hivyo mimi kila wimbo ukiisha natoa kila traki peke yake kama WAV, zote zikianzia sekunde sufuri, hata kama mtu ameingia dakika ya pili. Hapo unaweza kuzipeleka programu yoyote duniani na zitapangana zenyewe. Traki moja ya mono, biti 24, ni kama MB 8 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye traki kumi ni kama MB 320. Flashi ya GB 32 inabeba zaidi ya nyimbo tisini za namna hiyo. Nina mbili: moja kwangu, ingine kwa mathe, kwa kabati ya vikombe vya wageni. Hajui ni ya nini. Anajua tu asiiguse.

Kwaya imerudi tena mwezi huu, nyimbo mbili za harusi. Mwalimu ameuliza swali moja tu kabla ya kulipa: "Na safari hii umeweka mahali pawili?" Nikamwonyesha flashi zote mbili. Tunaanza Jumamosi, sopurano kwanza.